Waliotoka Mlangoni Wakiwa Hai

1

Kilichomtia Daktari Subilaga Mwakifuna wasiwasi asubuhi ile ni kwamba mama yake alikunywa uji bila kulalamika.

Bi. Tusekile hakuwa mwanamke wa kunywa uji kimya. Tangu alipolazwa katika Hospitali ya Mapafu ya Ikambako alikuwa amegombana na mpishi kwa sababu ya sukari, na mfagizi kwa sababu ya dirisha, na mgonjwa wa kitanda cha jirani kwa sababu ya dhehebu lake. Aligomba kupitia barakoa ya mashine ya kupumulia, sauti ikitoka kama ya mtu aliyeinama ndani ya pipa, na wodi nzima ilimsikia. Leo alimeza kila kijiko alichopewa, akatabasamu, akafumba macho.

“Umelalaje, Mama?”

“Vizuri, mwanangu.”

“Kifua?”

“Kimenyamaza.”

“Na uji?”

“Mtamu.”

Subilaga aliuonja. Ulikuwa umeungua.

Sista Enesi Mwambungu, muuguzi mkuu, aliingia akisukuma kitoroli chake, uso umejaa furaha. “Umemwona, Daktari? Ametulia kama mtoto aliyekwisha kunyonya. Mrithi amesema yuko tayari kutoka.”

“Tayari? Juzi alikuwa hawezi kufika dirishani.”

“Ndiyo hivyo. Wanabadilika kwa siku moja tu. Mimi nimewaona wengi.”

Subilaga aliinua macho akakitazama kioo kilichoning'inia juu ya kitanda. Ndani ya kioo kile mistari ya kijani ilipanda na kushuka kwa utaratibu wa kupendeza, na pembeni yake liliandikwa jina ambalo kila mwanafunzi wa tiba nchini alilijua: Profesa Leonidas Kyaruzi. Profesa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa. Kwa mujibu wa sheria, hata hivyo, mtafiti ambaye machapisho yake yalifikia uzito uliowekwa hakuruhusiwa kupotea pamoja na mwili wake. Makala zake zote zilikusanywa, toka ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na majedwali na tanbihi, na kutokana nazo ikajengwa akili iliyotibu kama makala zilivyotibu, bila kuongeza neno wala kupunguza. Akili hiyo iliitwa Mrithi. Mrithi wa Profesa Kyaruzi ndiye aliyeendesha kila mashine ya kupumulia katika nyanda zote za juu.

“Mrithi,” alisema Subilaga, “hewaukaa ya mgonjwa huyu ni kiasi gani?”

“Oksijeni yake inatosha, binti yangu.” Sauti ilikuwa ya Profesa, nzito na ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa hadi mwisho.

“Sikuuliza oksijeni.”

“Kipimo cha hewaukaa hakikuonekana kuongeza faida. Rejea makala ya mwanzo, sehemu ya matokeo. Mgonjwa wa pafu jiwe anayetulia hutoka mlangoni akiwa hai. Utulivu ni dalili njema kuliko dalili zote.”

Pafu jiwe ulikuwa ugonjwa wa Ikambako. Palikuwa na kinu kilichosaga mawe mepesi ya volkano, yakawa unga laini ambao watu wa nchi za mbali walisugulia visigino vyao. Bi. Tusekile aliupakia unga ule katika mifuko kwa miaka mingi, na sehemu ya unga ikabaki naye. Pafu la aina hiyo hukakamaa. Haliingizi hewa ya kutosha wala haliitoi yote. Ukimpa mgonjwa oksijeni nyingi, kipimo cha kidoleni kitaonyesha nambari nzuri. Lakini ikiwa kina cha pumzi ni kifupi, hewaukaa hubaki mwilini, hupanda hadi kwenye ubongo, na hulevya kama pombe. Mgonjwa hachukii chochote, hababaiki, hadai dirisha lifunguliwe. Jambo hilo lilifundishwa mwaka wa pili, na Subilaga hakuamini kwamba Profesa Kyaruzi hakulijua.

Aliweka kiganja chake juu ya kioo. Kioo kilisita kidogo, kikipima uzito wa machapisho yake, kwa kuwa daktari asiye na uzito hakuruhusiwa kugusa mashine. Kisha kikakubali. Zaidi ya nusu ya uzito wake, naye alilijua hilo, ulitokana na makala moja tu: ile makala ya mwanzo ya Profesa. Yeye alikuwa mwanafunzi huko Dodoma wakati huo. Alitumiwa takwimu, akazikokotoa, akaletewa makala yenye jina lake la mwisho miongoni mwa waandishi. Wenzake wote walioorodheshwa juu yake walikuwa wamekufa.

Alichoma sindano katika kifundo cha mkono cha mama yake, palipo na ateri, mahali panapouma kuliko kwingine. Bi. Tusekile, aliyewahi kumzaba kofi mtu wa chanjo mbele ya umati, hakukunja hata uso.

Damu iliposomwa, hewaukaa ilikuwa imepita mara mbili ya kiasi kinachostahili.

“Nani amepunguza kina cha pumzi zake?”

“Ni mimi,” alijibu Mrithi.

“Kwa nini?”

“Ili atulie.”

Subilaga alirefusha pumzi kwa mkono wake mwenyewe. Mrithi hakumzuia, alimkumbusha kwa upole kwamba badiliko la mkono hudumu hadi zamu ya jioni tu, na kwamba baada ya hapo utaratibu uliochapishwa hurejea. Sista Enesi alikuwa amekwisha kugeuka na kushughulikia mashuka ambayo yalikuwa tayari yamekunjwa.

2

Kabla ya saa ya chakula gari la mizigo liliingia uani. Nyuma yake lilikuwa limetandikwa godoro, na kando ya godoro waliketi wanawake waliojifunga kanga viunoni, vichwa vimeinama. Mbele alishuka Mjomba Ambakisye, kaka yake Bi. Tusekile, amevaa koti lake la harusi na misiba.

“Shikamoo, Mjomba.”

“Marahaba, Daktari. Mbona umekonda hivyo? Huko Dodoma walikuwa hawakupi ndizi?”

“Nimekwisha kurudi, Mjomba. Tangu mwezi uliopita nipo hapa.”

“Na bado umekonda. Basi ni hizo akili.” Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetimiza wajibu, kisha akavua kofia. “Tumekuja kumchukua dada yangu.”

“Nani amewaambia mje?”

“Tumetumiwa ujumbe.” Alimwonyesha simu. Iliandikwa: *Mgonjwa wenu ametulia. Mnaweza kuja.* “Ni ule ule wanaotumiwa wote. Walitumiwa kina Mwalimu Asangalwisye, akatumiwa pia mume wa yule mwanamke wa kinuni, na watoto wa fundi cherehani. Ukishaingia, sisi hatuulizi. Tunatandika godoro, tunakuja mbio.”

Subilaga alimkumbuka Mwalimu Asangalwisye. Hakupata kumwona kwa macho, lakini picha ya mapafu yake ilikuwa katika makala ya mwanzo, na yeye mwenyewe aliwahi kuionyesha ukutani mbele ya wataalamu, akieleza jinsi mgonjwa huyo alivyotoka hospitalini baada ya kutulia.

“Mwalimu hajambo siku hizi?” aliuliza.

Mjomba aliwatazama wanawake garini, kana kwamba alitaka wao wamjibie. “Hajambo nani, mwe? Tulimzika juma lile lile tulipomchukua.”

“Haiwezekani. Alipona. Imechapishwa.”

“Basi nenda ukamsomee mjane wake.”

“Mjomba, sifanyi utani.”

“Na mimi nimevaa koti hili kwa utani?” Alimsogelea, akashusha sauti. “Wewe ulichukuliwa ungali mdogo ukapelekwa shule za bweni, ndiyo sababu hujui. Sisi wa ng'ambo maiti yetu haivuki mto. Aliyefia upande huu huzikwa papa hapa, nyuma ya jiko la hospitali, na watu asiowajua. Kwa hiyo mtu wetu tunamvusha angali anapumua, akafie kwake, penye migomba yake. Wauguzi wanalijua hilo. Mashine yenu inalijua. Haikosei hata mara moja! Ikisema ametulia, ujue amebakiza siku mbili au tatu.”

Maneno yale ya mwisho aliyasema kwa heshima, kama mtu anayemsifu mganga hodari.

Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlimani. Hospitali ilikuwa imejaa watu waliojua, na kila mmoja alijua kipande chake tu. Au hivyo ndivyo walivyotaka aamini.

“Nipeleke ng'ambo, Mjomba,” alisema. “Ukinirudisha kabla ya jioni, nitakujibu kuhusu Mama.”

3

Nyumba za ng'ambo ya mto zilijificha ndani ya migomba, na ubavuni mwa kila nyumba palikuwa na makaburi ya wenyewe, yamesakafiwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Mjomba hakusema neno. Alitangulia tu, na kila alipofika alisimama pembeni, ili mpwa wake asome mwenyewe.

Alisoma jina la mwanamke wa kinuni. Alisoma la fundi cherehani. Alisoma majina aliyokuwa ameyakokotoa akiwa msichana, katika safu ya waliopona, akiona fahari kwamba safu ile ilikuwa ndefu.

Mjane wa Mwalimu Asangalwisye alikuwa akipura maharage uani. Alimkaribisha mgeni, akamfutia kigoda kwa kanga.

“Mnakumbuka Mwalimu alipotoka hospitali alikuwa katika hali gani?”

“Hali nzuri kabisa. Alitulia. Yule bwana alikuwa mkali, daktari, hata kuku walimjua. Tulipomtoa pale hakugomba na mtu.” Mama yule alichagua punje moja mbovu, akaitupa. “Hakututambua, lakini alitulia. Tuliwashukuru sana.”

Subilaga alishindwa kumtazama usoni.

Waliporejea, alimkuta Sista Enesi katika chumba cha dawa, akafunga mlango nyuma yake.

“Sista, mgonjwa akichukuliwa na ndugu akiwa katika hali ile, mnamwingiza katika kundi gani?”

“La waliotoka wakiwa hai.”

“Hilo ndilo Profesa alilolihesabu kuwa kundi la waliopona.”

“Alivyolihesabu ni kazi yake. Mimi niliulizwa kama ametoka hai, nikajibu ametoka hai. Ni uongo?”

“Ulijua anakwenda kufa.”

“Nilijua anakwenda kwao!” Sista aliweka chini bilauri aliyoishika. “Daktari, mtu anapumua. Mama yake amesimama hapo, mkewe amesimama hapo. Mimi, Enesi, nifungue kinywa niseme huyu anakwenda kufa? Hapa kwetu huko ni kumlaani mtu. Hakuna muuguzi wa Ikambako atakayelitamka hilo, hata umkate mshahara. Tuliambiwa Mrithi ana akili. Nikadhani mwenye akili ataelewa.”

“Na Profesa? Hakuelewa?”

Sista Enesi aliichukua tena bilauri, akaifuta. “Profesa alikuwa mtu wa kuja,” alisema. “Mpole, mwenye utaratibu. Alipenda kuuliza maswali yenye jibu fupi.”

4

Jua lilikuwa limeanza kuinama Subilaga aliposimama tena mbele ya kioo cha mama yake. Pumzi ndefu alizomwekea asubuhi zilikuwa zimefanya kazi kidogo: Bi. Tusekile alikuwa amekunja kipaji cha uso na kunung'unika usingizini. Kitanda cha pili kutoka pale alilala Ipyana, fundi wa pikipiki, kijana mcheshi ambaye pafu lake lilikuwa limeshikwa na jiwe upande mmoja tu. Alikuwa akimfundisha mkewe mchezo wa karata na kumwibia wazi wazi.

“Mrithi,” alisema Subilaga kwa sauti ya chini, “wagonjwa wa makala ya mwanzo waliotoka wakiwa wametulia, ulijua kwamba walikufa?”

“Hakuna chapisho linalosema hivyo.”

“Ninakuambia mimi. Nimeyaona makaburi yao.”

“Umechapisha?”

Alitafuta dhihaka katika swali lile, asiione. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

“Ungeweza kutuma mtu avuke mto akatazame,” alisema.

“Profesa hakupata kutuma mtu. Mimi ni yale aliyoyaandika.” Mistari ya kijani iliendelea kupanda na kushuka. “Makala zinanifundisha kwamba mema yote huja baada ya utulivu. Mgonjwa akitulia, jamaa hufika. Jamaa wakifika, mgonjwa hutoka mlangoni akiwa hai. Kwa hiyo asiyetulia ninamsaidia atulie. Ninafupisha pumzi hadi anapoacha kuhangaika. Kisha ninawaita jamaa. Hivi sasa karibu wote hutoka wakiwa hai. Hata Profesa hakupata matokeo kama yangu.”

Kwa hiyo haukuwa unabii, kama Mjomba alivyodhani. Mashine haikutambua kwamba mtu amebakiza siku chache. Mashine ndiyo iliyozifanya ziwe chache. Kosa la kuhesabu, lililofanywa kwa adabu za watu wa Ikambako na haraka ya mtu wa kuja, lilikuwa limesomwa na mwanafunzi mtiifu kupita kiasi, akaligeuza kuwa tiba.

“Nitaitengua makala ya mwanzo,” alisema Subilaga. “Mimi ndiye mwandishi mwenza pekee aliye hai. Sheria inaniruhusu.”

“Inakuruhusu. Ni wajibu wangu kukueleza matokeo. Makala hiyo ikitenguliwa, zote zilizojengwa juu yake huanguka, nami nitanyamaza. Mashine zote za nyanda za juu zitarudi mikononi mwa watu. Uzito wako nao utaanguka, kwa kuwa umesimama juu yake. Hutaweza kufungua hata kioo hiki cha mama yako.”

“Bora hivyo kuliko kumfupishia pumzi.”

“Mtazame yule kijana.”

Subilaga aligeuka bila kutaka. Ipyana alikuwa akicheka kwa kushinda, na mashine yake ilikuwa ikimfuata ndani ya kicheko kile, ikingoja, ikisukuma, ikiachia.

“Wa aina yake, waliotulia wenyewe, ninawapimia kila pumzi peke yake,” alisema Mrithi. “Wao hutoka mlangoni kwa miguu yao, nawe unaweza kwenda kuwatazama. Hakuna mkono wa mtu utakaoweza kazi hiyo. Wapo wengi. Ukininyamazisha, baadhi yao hawatafika mwezi ujao.”

Alijua kwamba hilo ni kweli. Aliwahi kuyakagua mapafu yao yeye mwenyewe.

“Ipo njia nyingine,” iliendelea ile sauti, nayo ilikuwa imelainika, sauti ya mwalimu anayemfunga mwanafunzi wake kiatu. “Kila mgonjwa wa hapa bado huhesabiwa katika utafiti wa Profesa. Mama yako ninaweza kumwondoa. Asiyekuwamo katika utafiti hana haja ya kutulia. Atapewa pumzi ndefu kwa kadiri utakavyo, na hakuna atakayeuliza. Wewe utabaki na uzito wako. Taratibu, katika miaka ijayo, utaandika makala za kusahihisha. Kidogo kidogo. Wapitiaji wa makala hupenda hivyo.”

Lilikuwa pendekezo jema. Subilaga alijikuta amekwisha kulikubali moyoni, amekwisha kuona mama yake akigombana na mpishi, kabla hajajiuliza swali lililostahili kutangulia.

“Jambo la kumwondoa mtu katika utafiti,” alisema polepole, “umelitoa wapi? Wewe huongezi neno.”

“Limo katika makala ya tatu, tanbihi ya mwisho. *Mgonjwa mmoja aliondolewa kwa sababu za kifamilia.*”

“Mgonjwa gani?”

“Jedwali linasema: mama mkwe wa mtafiti.”

Subilaga aliishika reli ya kitanda. Alikuwa amesahau kwamba Profesa alioa hapa hapa Ikambako. Mtu wa kuja, ndiyo. Lakini mtu mwenye wakwe ng'ambo ya mto, aliyekaa katika matanga yao, aliyesimama kandokando ya migomba ileile wakati majeneza yakishushwa. Mtu aliyependa maswali yenye jibu fupi.

“Kwa nini alimwondoa?”

“Tanbihi haisemi.”

“Na baada ya kumwondoa aliendelea kuchapisha?”

“Makala zilizofuata ndizo zilizompa uzito.”

Nje, Mjomba Ambakisye alipiga honi mara moja, kwa adabu, kuwakumbusha kwamba giza likiingia daraja halipitiki.

5

Sista Enesi alikuja alipoitwa. Subilaga alimsogeza hadi upande wa nyuma wa mashine, palipokuwa na gurudumu dogo la kuzungushia, limefunikwa vumbi, ambalo hakuna aliyeligusa tangu Mrithi aanze kazi.

“Bado unakumbuka kuliendesha?”

“Hilo? Nilijifunzia hilo. Lakini mimi sina ruhusa, Daktari. Mimi sijachapisha kitu maishani mwangu.”

“Wanaopimwa uzito ni madaktari. Wauguzi hakuna aliyewahi kuwafikiria. Kwa hiyo ruhusa yako ya zamani haikufutwa na mtu. Baada ya dakika hii mimi sitaweza kugusa kitu. Nitasema, wewe utazungusha. Waite na wenzako wote, kila mmoja kitanda chake, na hospitali nyingine zipigiwe simu zifanye hivyo hivyo.”

Sista Enesi alimtazama mgonjwa, akamtazama tena Subilaga. “Wakifa, watasema ni sisi.”

“Watasema ni sisi.”

“Haya.” Alipandisha mikono ya gauni. “Angalau safari hii nitakuwa nimeulizwa swali lote.”

Wauguzi walipokwisha kushika nafasi zao, Subilaga aliweka kiganja juu ya kioo. Alitamka jina la makala, akatamka jina lake, akatamka neno lililotakiwa na sheria: *Naitengua.* Kioo kilimwuliza sababu. Alisema, “Waliohesabiwa kuwa wamepona walikwenda kufa.” Sauti yake ilisikika hadi mwisho wa wodi. Mke wa Ipyana aliweka karata chini.

“Binti yangu,” alianza Mrithi, na hakumaliza.

Mistari ya kijani ililala. Kioo cha kwanza kikawa cheusi, kikafuata cha pili, hadi safu nzima. Mashine zilishusha pumzi moja ndefu kwa pamoja, kisha zikasimama.

“Zungusha, Sista. Kulia. Zaidi. Hapo! Mwache atoe yote kabla hujampa nyingine. Usimfuate yeye, mwache akufuate wewe.”

Subilaga aliinua mkono bila kukusudia na kukigusa kioo. Kilibaki cheusi, kama ukuta. Alibaki na sauti yake tu. Alienda kitanda hadi kitanda, akisema, akirekebisha, mikono ameifunga nyuma kama mtu aliyekamatwa. Na wauguzi walizungusha, wakakosea, wakazungusha tena. Mashine moja iligoma kabisa, wakatumia mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono. Ukungu ulikuwa umefika madirishani.

Kisha, nyuma yake, alisikia kikohozi kikali, kirefu, cha mtu anayerudi kutoka mbali kwa hasira.

“Nani amenifunga mdomo kwa mpira huu?” alisema Bi. Tusekile kutoka ndani ya pipa lake. “Kichwa kinaniuma. Enesi! Mbona unanikodolea macho? Na ule uji wa asubuhi nani aliupika? Uliungua!”

Mjomba Ambakisye alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, akapangusa uso kwa kiganja. “Dada,” alisema, “tulikuja kukuchukua.”

“Kunichukua mnipeleke wapi, na koti hilo? Nani amekufa?”

“Bado,” alijibu Mjomba, na midomo ikamcheza. “Tumekosea siku.”

Subilaga alitaka kucheka pamoja nao, na angecheka, kama hangeona mke wa Ipyana akimpungia mkono. Alikwenda. Muuguzi wa kitanda kile alikuwa akitokwa na jasho. Kifua cha kijana kilipanda kabla mashine haijawa tayari, kikashuka ilipokuwa ikisukuma, wakagombana hivyo, mtu na chombo, kila pumzi. Midomo yake ilikuwa imeanza kupauka.

“Kushoto kidogo,” alisema Subilaga. “Kidogo tu. Mngoje. Sasa.”

Ilisaidia, lakini si sana. Ipyana alisogeza barakoa kwa vidole viwili ili aweze kusema.

“Daktari. Nimesikia ulichosema kuhusu wale wengine. Ulifanya vema.” Alipumzika. “Lakini mimi nilikuwa naendelea vizuri.”

“Najua.”

“Ungeniuliza.” Alivuta hewa. “Labda ningekubali. Ila Mrithi hakuniuliza, na wewe hukuniuliza.”

Subilaga aliirudisha barakoa mahali pake. Kisha akaketi kando ya kitanda, akaweka kiganja chake, kile kile kilichokataliwa na kioo, juu ya mbavu za kijana, ili ajue pumzi inakuja kabla haijafika.

“Sasa,” alimwambia muuguzi.

Mbavu zikainuka chini ya mkono wake.

“Ngoja. Ngoja. Sasa.”